Siku Mkwajuni Ilipopita Chini ya Barabara

Nina ugomvi na wewe msomaji, na afadhali niuseme kabla hujaanza kunitumia makopa mekundu kwenye simu. Mtu usiyemjua akikupigia simu kwamba umeshinda zawadi, unampa jina lako, la mama yako na la mtaa wenu. Lakini akija binti kavaa kizibao cha kung'aa, kasimama juani anahesabu watu wanaovuka barabara ya kwenu, ghafla unakuwa mjanja. Unamnunia. Unamwambia hapa hapakai watu. Halafu gari likishazoa mtu, wewe ndiye wa kwanza kuandika kwa herufi kubwa: SERIKALI IKO WAPI? Ilikuja, bwana. Ilikuja ikakaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, wewe umejificha.

Unaona kama nakusingizia? Haya, sogea hapa. Kuna mwanamke anaitwa Tausi.

Tausi binti Jumbe ni fundi cherehani wa Mkwajuni, kitongoji kidogo kwenye barabara itokayo Tanga kupitia Pangani, kabla hujafika Mwera. Ukiwa ndani ya gari hukioni, ukikohoa tu umeshakipita. Nyumba zote ziko upande wa mashamba ya mkonge. Msikiti, shule, kisima na banda la kahawa viko upande wa baharini. Walijenga hivyo mababu, enzi barabara ni ya vumbi na gari ikija kuku wana muda wa kujinyoosha kwanza ndiyo waondoke. Sasa kuna lami. Gari ya sasa huioni ikija, unaisikia ikiwa imeshapita.

Tausi ana miaka arobaini na moja. Ni mrefu, mwembamba, futi ya kupimia iko shingoni hata akienda msibani. Na ni mtu wa shaka. Si kidogo. Ukimwambia kiuno chako ni thelathini na mbili, anakuangalia, anapima, anaandika thelathini na tano bila kukwambia. Kitambaa ukikisifia kuwa ni cha pamba, anavuta uzi mmoja anauchoma kwa kiberiti anuse moshi. Aliolewa Maramba, mume akamuaga anakwenda Dar wiki mbili, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Tausi alingoja miezi sita, akabeba cherehani yake kichwani mpaka stendi, akarudi kwa baba yake. Tangu hapo mtu akisema neno "tu", yeye anakaa vizuri kwenye kiti. Nakwenda mara moja tu. Naazima siku mbili tu. Hilo neno analiogopa kuliko nyoka.

Na watu wa barabara walimwongezea. Kabla lami haijaja, vijana wa vizibao walifika Mkwajuni na futi ndefu za chuma. Mama yake Tausi, Bi Zuwena, aliwapa maji ya kunywa, akawauliza wanafanya nini. "Tunapima tu, mama." Wiki ya tatu wakaja wengine na kopo la rangi nyekundu. Nyumba kumi na nne zikatiwa X. Nyumba ya Mzee Jumbe ilikatwa chumba cha mbele chote. Baraza anayoshonea Tausi leo zamani ilikuwa sebule. Akisimama kwenye cherehani na kunyoosha miguu, hatua tisa yuko kwenye lami.

Bi Zuwena mwenyewe hiyo lami hakuifaidi. Mwaka wa kwanza tu, akitoka kisimani, pikapu ya samaki ilimpiga ubavuni. Dereva alisimama, hakukimbia, akampeleka hospitali, Bi Zuwena akarudishwa nyumbani, na siku ya tisa akafa kitandani kwake. Ndugu wa dereva walikuja na mchele na mbuzi na wazee wao wawili, wakakaa na Mzee Jumbe uani, wakaomba radhi. Mzee akasamehe. Wakasoma dua, wakala, yakaisha. Huku kwetu ndiyo tunavyofanya. Mtu wa polisi anaitwa kwa mwizi, haitwi kwa mtu aliyekuja kukulilia uani kwako.

Tangu siku hiyo Tausi ana kazi mbili. Ya kwanza cherehani. Ya pili kumvusha baba yake.

Mzee Jumbe ana miaka themanini kasoro na jicho moja tu linalofanya kazi, na hilo lenyewe linafanya likitaka. Anavuka kwenda msikitini swala tano, na asubuhi anavuka kwenda kahawa. Tausi anaacha nguo chini ya sindano, anamshika mkono, anasimama pembeni ya lami na sweta jekundu la shule mkono wa pili, anapunga. Malori ya saruji yanapiga honi. Bajaji zinapunguza. Magari ya wageni wa hoteli hayapunguzi.

"Baba, swali nyumbani leo. Mungu anakuona hata ukiwa chumbani."

"Mimi nisiende swala ya jamaa kwa sababu ya lori?"

"Kwa sababu ya jicho."

"Jicho langu halijawahi kugongwa na gari. Twende."

"Utaniua wewe mzee."

"Tutakufa tumeshatawadha. Vuka, acha maneno."

Ndivyo walivyo hao wawili, mara sita kwa siku, kwenda na kurudi.

Sasa siku moja ya Jumanne, mwezi uliopita, Tausi anatia pindo sketi za shule, akaona binti anashuka kwenye bodaboda. Kizibao cha kung'aa. Kishikwambi mkononi. Kofia.

"Hodi. Habari za kazi, dada?"

"Nzuri. Umekuja kushonesha au umekuja kuuliza?"

"Kuuliza kidogo."

"Nilijua."

"Naitwa Benedikta. Kesho nitakaa pale mbele ya msikiti, nahesabu watu wanaovuka."

"Watu gani?"

"Wa hapa."

"Hapa hapana watu. Hao unaowaona ni wapita njia."

Benedikta akacheka. Tausi hakucheka. Akaendelea kukanyaga cherehani, lakini sindano haikuwa na uzi, alikuwa anashona hewa.

"Mnawahesabu wa nini?"

"Tunaangalia wapi watu wanavuka zaidi ili paanze kuwekwa zebra na matuta. Sehemu ziko tisa, awamu hii zitajengwa tatu. Msiwe na wasiwasi, tunahesabu tu."

Likatoka. Lile neno. Tausi akaacha kukanyaga.

"Na mkishahesabu mnakuja na rangi."

"Eh, tukipata kibali. Rangi ya zebra, nyeupe."

"Na nyekundu je?"

"Nyekundu ya nini, dada?"

"Hamna. Kwa heri, mwanangu. Angalia gari ukivuka."

Hebu tuseme ukweli: Benedikta alimwambia kila kitu. Hakumficha hata kidogo. Na barua ilikuwepo, imebandikwa wiki mbili kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, imeandikwa "zoezi la kubaini vipaumbele vya miundombinu ya watembea kwa miguu". Nani ataisoma hiyo? Andika "tunatafuta pa kuchora zebra" uone kama hawajai. Lakini hapana, mpaka mtu akae chini na kamusi.

Jioni baraza ya Tausi ilijaa. Uweso wa bodaboda alikuja na habari zake. Uweso ni kijana mwenye maneno kuliko mafuta, na siku hiyo alikuwa amejaza tangi.

"Nimesikia Mwera," akasema. "Barabara inapanuliwa tena. Wanahesabu ili wajue wapi pana msongamano. Penye watu wengi ndipo wanapobomoa, wanasema ni usalama."

"Umesikia kwa nani?" Tausi akauliza.

"Kwa jamaa mmoja pale stendi."

"Na yeye kasikia kwa nani?"

"Dada Tausi, sasa mimi nimfuatilie mpaka kwa mama yake?"

Bi Mwatum akaingilia. Huyu ni jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Pemba, mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri na utajua kwa nini. "Mie hilo la kubomoa silijui," akasema. "Mie najua watoto wa watu hawahesabiwi mmoja mmoja kama mbuzi wa mnada. Kuhesabu huita jicho la husuda. Kwetu mtu akikuuliza una watoto wangapi, unamwambia wapo, alhamdulillahi. Sasa huyu akae kutwa abonyeze, huyu mmoja, huyu wa pili? Hapana, mwanangu. Wangu hapiti pale."

Shaka ya Tausi na jicho la Bi Mwatum vikaoana hapo hapo. Tausi akachukua simu, akabonyeza kwenye kundi la kitongoji, akarekodi sauti:

"Asalaam aleikum jamani. Wale wa vizibao wamerudi. Mara ile walisema wanapima tu, mnajua kilichotukuta. Sasa wanasema wanahesabu tu. Kesho mtu asivuke juu mbele yao. Tupite kalavatini. Wakikuta hapana watu watakwenda kubomoa kwingine. Shukrani."

Kalavati lenyewe liko hatua kama mia mbili kutoka msikitini, limejificha kwenye mkonge pori, la kupitisha maji ya masika chini ya lami. Mtu mzima anapita akiinama. Siku zote hapapitiki kwa hamu: mbuzi wanalala humo, pananuka, masika panajaa maji, na mwaka jana alitoka chatu. Lakini kiangazi pakavu.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Benedikta alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Na Mkwajuni ikaingia chini.

Watoto wa shule walipita kalavatini mstari mmoja, mabegi kichwani, wanacheka mwangwi wao. Wanawake wa ndoo walipita wakiinama, ndoo mbele kama wanasukuma mkokoteni. Mwalimu wa madrasa alipita na kanzu ameikunja kiunoni. Tausi alisimama mdomoni mwa kalavati kama askari, na moyo ulimuuma kuona mapindo aliyoyashona mwenyewe yanaburuzwa kwenye mavi ya mbuzi, lakini akasema bora pindo kuliko nyumba.

Aliyemshinda ni baba yake.

"Mimi nipite chini kama panya?"

"Leo tu, baba." Akajisikia mwenyewe alivyosema.

"Barabara hii nimeivuka kabla ya huyo aliyeijenga hajazaliwa. Nishike mkono au niachie."

Hakuweza kumwachia. Akamvusha juu, kanga ameivuta mpaka puani, akijua Benedikta kule anabonyeza: mmoja, wawili. Akamfikisha kwenye banda la kahawa, kisha yeye akarudi kwa chini. Nusu saa baadaye akapita tena chini kwenda kumchukua, akarudi naye juu. Adhuhuri hivyo hivyo. Alasiri hivyo hivyo.

Na mchana likazuka jingine. Mgeni amekaa mbele ya nyumba zenu tangu alfajiri, hajala. Hata kama ni adui. Tausi alipika wali wa nazi na nguru wa kupaka, akafunika sahani kwa kawa, akasimama barazani anaiangalia lami. Hatua tisa mpaka kwenye lami, kumi na mbili kuivuka. Akageuka, akazunguka hatua mia mbili, akainama, akapita kalavatini na sahani mkononi, akatokea nyuma ya msikiti na utando wa buibui kwenye kanga.

"Karibu chakula, mwanangu."

"Jamani, dada! Umetokea wapi? Sikukuona kuvuka."

"Nilikuwa huku huku."

"Asante sana. Hapa kweli pametulia. Kule hotelini nilipokaa juzi mkono umekufa kwa kubonyeza."

"Nilikwambia. Hapana watu." Akakaa kando mpaka binti akamaliza kula, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu alitaka kuona nini kimeandikwa kwenye kile kishikwambi. Hakuona kitu, jua lilikuwa linamulika.

Usiku ule kundi la kitongoji lilijaa vicheko. Tumewaweza. Tausi tukuchague mwenyekiti. Uweso alituma picha ya chatu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi baada ya alasiri, mtendaji wa kijiji, Bwana Yasini, aliita mkutano uwanjani mwa shule. Safari hii alitumia kipaza sauti, kwa hiyo walikwenda wote. Wakapita juu, maana hapakuwa na mtu wa kuwahesabu, na lori moja nusura limchukue mtu mbele ya mkutano wenyewe.

Bwana Yasini alisimama na karatasi, Benedikta kakaa pembeni yake.

"Ndugu zangu, majibu yametoka. Vivuko vitatu vya kwanza: sokoni, kituo cha mafuta, na mbele ya geti la hoteli."

"Na sisi?"

"Mkwajuni ni ya tisa."

"Ya tisa kati ya ngapi?"

"Kati ya tisa."

Uwanja ukachafuka. Tausi alikuwa wa kwanza kusimama, futi shingoni. Usifikiri aliona kosa lake. Hata. Shaka yake ilikuwa imeshapata nyumba mpya.

"Nilijua! Hoteli imewalisha! Mbele ya hoteli wazungu wanne na walinzi, sisi tuna shule na msikiti, tuwe wa mwisho? Bwana Yasini, tuambie vizuri, mmekula nini kule?"

Watu wakapiga makofi. Bwana Yasini akaangalia viatu vyake. Na si kwamba shaka hiyo haina miguu, maana gari la hoteli hiyo ndilo lililombeba mtendaji siku hiyo kuja mkutanoni, kila mtu alimwona akishuka. Lakini Benedikta aliinuka, akachukua karatasi.

"Dada Tausi, shikilia hapo. Mbele ya hoteli walivuka watu mia nne na kumi na mbili kwa siku. Wafanyakazi wengi, wauza urembo, wavuvi wanaokwenda ufukweni. Hapa kwenu niliandika kumi na tisa."

"Kumi na tisa?"

"Kutwa nzima."

Halafu Mzee Jumbe, amekaa mstari wa mbele kwenye kiti alichotoka nacho nyumbani, akaanza kucheka peke yake.

"Kumi na mbili kati ya hao," akasema, "ni mimi na huyu mwanangu."

Hapo mtu alicheka, mwingine akamkanya. Watu wakaanza kutazama ndala zao. Hakuna aliyemtaja Tausi, hilo lazima niwasifu. Angeweza kukaa chini, jambo likapita. Alibaki amesimama. Mkono ulikuwa umeshika futi, anaikunja, anaikunjua.

"Walipita chini," akasema. "Kalavatini. Mimi ndiye niliyewaambia."

Benedikta hakuelewa mara moja. Ilibidi aelezwe na watu watatu kwa pamoja, na wa nne akamsikilizisha sauti ile kwenye simu. Akakaa. "Na ule wali?"

"Nao ulipita chini."

Bwana Yasini akapata nguvu, akataka kuanza hotuba ya wananchi kukwamisha maendeleo. Benedikta akamkata. Akasema hesabu si kitu peke yake. Wanaangalia pia mwendo wa magari, watoto, wazee, na ajali. "Ajali ndizo zinazopandisha sehemu haraka kuliko kitu chochote. Nami nilishangaa, maana kwenye kumbukumbu za polisi Mkwajuni ina sifuri. Barabara yote hii, ninyi ndio salama kuliko wote."

Sijui nikuelezeje uso wa Tausi hapo. Sifuri.

"Mkono wangu je?" Bi Mwatum akauliza kwa sauti ndogo. "Huu?"

"Uligongwa, bibi?"

"Na pikipiki. Mwaka juzi."

"Mliripoti?"

"Tuliripoti wapi? Alikuja mwenyewe na mama yake, akaomba radhi. Kijana wa hapa hapa." Hakumtaja. Hakuwa na haja. Uweso, nyuma kabisa, alikuwa ghafla anashughulika na simu yake.

Hapo hapo Tausi akamgeukia, na nakwambia jicho lile lingechoma uzi bila kiberiti. Kumbe ndiyo maana ulisikia habari stendi? Kumbe hukutaka watu wa vizibao wakae wakiuliza-uliza hapa? Hakusema kwa mdomo. Mpaka leo hajapata jibu, na mpaka leo Uweso anaapa aliogopa kubomolewa tu kama wengine. Labda. Yeye anasema hivyo.

Benedikta akaeleza: yeye si wa kubadilisha orodha, lakini faili linakwenda kwa mhandisi mwisho wa mwezi ujao. Kijiji kikiandika barua kueleza kilichotokea, na kuambatanisha ajali kwa majina, tarehe na gari gani, hesabu inaweza kurudiwa kabla ya hapo. Bila majina, barua ni karatasi.

"Na hayo majina yanakwenda polisi?" Tausi akauliza.

"Yanakwenda kwa mhandisi."

"Na mhandisi akimpa polisi?"

Benedikta akafikiri. "Siwezi kukuapia, dada."

Ajabu ni kwamba hilo ndilo jibu la kwanza Tausi aliloliamini. Mtu aliyesema hajui.

Jumapili asubuhi alikaa barazani na daftari lake la vipimo, amefungua ukurasa mweupe, na hakuandika. Alikuwa na mkono wa Bi Mwatum. Alikuwa na mtoto wa Sele aliyepigwa na kioo cha lori begani. Alikuwa na Rama, ambaye baiskeli yake ilipondwa naye akabaki hai kwa miujiza. Na jina la kwanza kabisa, kwa tarehe, lilikuwa la mama yake. Mzee Jumbe alishasamehe mbele ya wazee, kwa dua. Aliwaahidi wale watu kwamba neno limekwisha, halitatajwa. Mzee si mtu wa kurudisha neno. Na bila Bi Zuwena, barua ya Mkwajuni ilikuwa na mkono, bega na baiskeli. Hakuna aliyekufa.

Mzee alitoka ndani, akapapasa ukuta, akakaa.

"Hujaniita kwenda kahawa."

"Naandika, baba."

"Umemwandika?"

Tausi hakuuliza nani. "Wewe ulitoa neno."

"Nilitoa." Lori likapita, baraza ikatetemeka, mkasi ukasogea mezani. "Nilimsamehe yule kijana wa samaki. Nimemsamehe na leo. Barabara sijaisamehe, haikuja kuniomba radhi. Mwandike. Usiandike jina la kijana, wala la gari yake. Andika pikapu."

"Watasema haijakamilika."

"Basi waje waniulize mimi. Mlango wanaujua, waliukata nusu."

Akaandika. Mkono wake, ambao unakata kitambaa bila kuchora, ulikosea mwaka mara mbili.

Alipomaliza alimkuta Uweso kasimama nje ya baraza, pikipiki imezimwa. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Dada Tausi. Na mimi niandike."

"Nikuandike kama nani? Shahidi?"

"Kama niliyemgonga Bi Mwatum. Lakini weka kwamba nilimpeleka hospitali mwenyewe, na nilikwenda kumwona kila siku."

"Kila siku?"

"Kila... siku nyingi."

"Nitaandika siku nyingi."

Barua ilikwenda, Bwana Yasini akapiga muhuri, Tausi akataka nakala, akapewa, akaipiga picha ili wasije wakaibadilisha, akaituma kwa watu watatu tofauti. Jibu lilirudi wiki iliyopita: hesabu itarudiwa Jumatano na Alhamisi wiki ijayo, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Tausi hajafurahi. Anasema orodha ya tatu bora watu wameshaizoea, na anayeikalia hataiachia kirahisi. Anasema atahamisha kiti chake kukaa pembeni ya Benedikta, na kopo la vifungo. Kila anayevuka, kifungo kimoja. Jioni vifungo na kishikwambi visipolingana, patakuwa na maneno. Bi Mwatum naye amekubali wajukuu wahesabiwe, ila wapite wawili wawili, na yeye atasoma kitu kimoyomoyo wakipita.

Sasa nakuja kwako. Nimesikia kwenye lile kundi lenu la kitongoji mnapanga kuleta ndugu kutoka Mwera, mtu avuke aende arudi mara ishirini kama gwaride, mwonekane wengi. Acheni. Mkishikwa na hila safari ya pili, hakuna atakayewasikiliza ya tatu, na yule mzee bado anavuka na jicho moja. Wewe wa Mkwajuni unayesoma hapa, nakuomba kitu kimoja na ni kidogo: Jumatano na Alhamisi, amka kama kawaida, chukua ndoo yako, mshike mtoto wako mkono, angalia kulia na kushoto, na upite juu.